Haikuwa Magadi

Sawa. Ile sauti aliyorekodi mwenzangu wa mbio Jakom, kuhusu mimi, kijiti na choo cha shule, imezunguka vya kutosha. Jana ilimfikia shemeji yangu Eldoret, mtu ambaye hata Krismasi hanipigii simu, akanipigia. Hakunisalimia. Alicheka tu mpaka salio likamwishia. Basi wacha niseme mwenyewe, kwa sababu Jakom ameongeza chumvi, na katika kisa hiki chumvi ilikuwa imeshazidi tangu asubuhi.

Marekebisho kwanza. Sikukaa chooni dakika 40. Zilikuwa 11, saa yangu ya mkononi ilizirekodi zote pamoja na mapigo ya moyo. Pili, sikulia. Yale yalikuwa machozi ya upepo. Tatu, na hili naomba lishike vichwani mwenu: haikuwa magadi. Magadi ni yale mnayotia kwenye githeri, ni makali, yangenichubua koo. Mimi nilikunywa baikabonati ya soda, iliyopimwa kwa mizani. Kikemia hivyo ni vitu viwili tofauti, na anayeniita Magadi huko barabarani ajue kwamba anakosea.

Mnaopishana nasi tukikimbia alfajiri barabara ya Dunga, hapa Kisumu, mnatujua. Wanaume wa makamo, vitambi vinane vya ukubwa tofauti. Tangu ninunue hii saa nimekuwa mtu wa sayansi ya michezo, na nakiri nimewasumbua wenzangu. Nilimwambia Jakom achukue 220, atoe umri wake, apate kadirio la kiwango cha juu cha mapigo ya moyo wake. Akanijibu kwamba umri wake ni siri ya serikali. Kuna jamaa nilimkataza chapati siku tatu mfululizo. Mwingine nilimsimamisha katikati ya mlima nikamwambia mwili wake umevuka zoni ya nne ya mapigo ya moyo, akaniambia yeye anavuka barabara tu, anaenda kazini.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini watu wamefurahi hivi.

Lilikuja bonanza. Timu nne: sisi, wauguzi, walimu na watu wa boda. Mbio za kupokezana kijiti, mita 400 mara nne. Jakom ana ugonjwa mmoja tu maishani, nao ni Olimpiki ya Munich 1972, pale Kenya ilipochukua dhahabu ya mbio hizo hizo: Asati, Nyamau, Ouko na Sang. Kila Jumamosi lazima ayasimulie, na anaposimulia mkono wake unarudi nyuma wenyewe kupokea kijiti. Akajipa nafasi ya Sang, wa mwisho. Mimi nikapewa ya Ouko, wa tatu. Nikaona heshima hiyo haiwezi kwenda bure. Nikarudi nyumbani kusoma.

Mita 400 ni mbio zenye roho mbaya. Mia tatu za mwanzo unazikimbia mwenyewe. Mia ya mwisho miguu inakuwa ya mtu mwingine, tena mtu anayekudai. Misuli inachoma sukari upesi kuliko oksijeni inavyoweza kuifikia, asidi inajilimbikiza humo ndani, na unaanza kukimbia kama mtu aliyebeba mtungi. Sasa damu ina baikabonati yake ya asili, ndiyo kazi yake kuituliza hiyo asidi. Ukiiongezea nyingine kutoka nje, damu inazidi kuivuta asidi kutoka kwenye misuli. Si uchawi, si dawa iliyopigwa marufuku, wanariadha wakubwa wanaitumia. Kipimo ni gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili, saa moja hadi tatu kabla ya mbio. Mimi nina kilo 70. Gramu 21. Nikaazima mizani ya jirani anayeuza viungo.

Nilichosoma kilisema pia kwamba baadhi ya watu hujaa gesi, husikia kichefuchefu na huharisha. Niliposoma "baadhi ya watu" niliwaonea huruma.

Kilisema unywe pamoja na chakula. Ugawe mafungu madogo. Unywe maji mengi. Na kwamba kitu chochote kipya kijaribiwe kwanza kwenye mazoezi, kamwe kisijaribiwe siku ya mashindano. Yote hayo niliyapigia mstari kwa kalamu ya kijani. Karatasi ninayo hapa, mistari imenyooka sana.

Asubuhi ya bonanza nilichelewa kuamka, nikatia gramu zote 21 kwenye nusu kikombe cha maji, nikapiga funda moja, tumbo tupu. Ladha yake ni kama sabuni iliyooga baharini. Mama watoto alinitazama.

"Hiyo si ni ile ya kulainisha maharagwe?"

"Hii ni ya damu," nikamjibu, nikatoka nimetanua mabega.

Ilikuwa saa tatu na nusu, na mbio zetu zilipangwa saa tano. Hesabu safi. Lakini mgeni rasmi alikuwa na mazishi Siaya, akataka aone kijiti kwanza ndipo aondoke. Yawa! Tangu nizaliwe Kisumu sijawahi kuona shughuli yenye mgeni rasmi ikianza mapema. Siku hiyo ilianza mapema. Saa nne na nusu filimbi ilikuwa inatuita, na dawa yangu ilikuwa na saa moja tu tumboni, bado inajadiliana.

Nieleze hayo majadiliano, msiruke aya hii. Baikabonati ikikutana na asidi ya tumbo hutoa hewa, ile ile iliyo kwenye soda. Gramu 21, kama zingepata asidi ya kuzitosha zote, zingetoa hewa ya lita sita hivi. Mpira wa miguu wa saizi ya 5 unabeba tano na nusu. Tumbo la mtu halina asidi ya kufika huko, lakini langu lilionekana limeamua kujaribu. Halafu kuna sodiamu. Ikijaa kwenye utumbo huvuta maji kutoka mwilini. Huko Uswidi wametengeneza jeli ya kuifungia baikabonati ipite tumboni bila ugomvi. Mimi nilikuwa na nusu kikombe.

Wa kwanza wetu akakimbia. Wa pili akakimbia. Nikapokea kijiti tukiwa nafasi ya pili, nyuma ya muuguzi mmoja mrefu.

Na hapa nataka haki itendeke: nilikuwa napaa. Mita mia za kwanza nilicheua mara moja tu, tena kwa staha. Mita mia mbili nikampita muuguzi. Nimesema nikampita! Jakom hilo hakulisema kwenye sauti yake. Miguu ilikuwa myepesi, pumzi iko, uwanja mzima umesimama, nikawaza moyoni, sayansi hii, omera, sayansi hii.

Mita mia mbili na hamsini kitu kikageuka tumboni.

Hakikuuma. Kiligeuka tu, polepole, kama mtu aliyelala akibadilisha ubavu. Kisha kikakaa kitako. Kisha kikasimama, na nikajua, kama mnavyojua mvua ya ziwani ikishaonekana upande wa Homa Bay, kwamba hakuna mazungumzo hapa, ni suala la muda tu.

Mbele yangu kona inaisha. Kwa mbali mbele namwona Jakom. Ameshaanza kujisogeza, mkono ameurudisha nyuma, kiganja wazi, vidole vimetanuka, uso mbele kabisa kama Sang mwenyewe. Kulia kwangu, nje ya mstari, mwembe. Nyuma ya mwembe, vyoo vya shule. Kwa Jakom, mita tisini. Kwa mwembe, thelathini. Nikapiga hesabu. Nikaipiga tena, nikiomba jibu libadilike. Muuguzi nikamsikia anapumua nyuma yangu. Nikabana kila nilichoweza kukibana mwilini, mpaka meno.

Nikakata kulia.

Watu walidhani nimejikwaa. Mwenye kipaza sauti akasema, "Huyu wa Dunga anapanua kona." Kisha akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Anaipanua sana." Mama mmoja anayeuza njugu chini ya mwembe akanyanyuka kabisa, kwa huruma ya kweli, akanielekeza kwa mkono: "Nyathina, mwanangu, wenzako wako kule!"

Mlango wa walimu, kufuli. Wavulana, kufuli. Wasichana, kufuli, na Mungu ashukuriwe kwa hilo. Kilichokuwa wazi ni cha chekechea. Kwa ambao hamjaingia huko tangu mkue: ukuta unafika kifuani, hakina mlango, na tundu limepimwa kwa mtoto wa miaka minne. Nikaingia. Mbio zinaendelea. Kamba ya kaptura nilikuwa nimeifunga fundo mbili ili isinipotezee muda. Mikono ikahitajika yote miwili. Nikakishika kijiti kwa meno.

Jamani, tulieni kidogo. Piga picha uwanja mzima, mgeni rasmi amekaa chini ya hema, na juu ya ukuta wa choo cha watoto kinaonekana kichwa cha mwanamume mzima, macho yamemtoka, amebana kijiti mdomoni kama mbwa aliyetumwa gazeti. Fundo la kwanza likaachia. La pili likakataa. Nilikuwa naliombea lile fundo. Likaachia. Kichwa kikashuka, kikapotea, na naambiwa hapo uwanja ulipiga makofi.

Kwa ahueni niliyoipata nikafungua mdomo kumshukuru Mungu.

Kijiti kikadondoka, kikagonga saruji, kikabingirika polepole, kikazunguka ukingo wa tundu mara moja, kana kwamba nacho kinatafuta njia ya kupanua kona, kikaingia. Nikasikia kilipofika.

Jakom huku nyuma alisimama na kiganja wazi, hajageuka. Aligeuka timu zote tatu zilipokwisha kumpita. Ile picha mnayoitumiana, anayoonekana ameshika kiuno, si ya hasira kama mnavyoandika. Alikuwa anahesabu watu.

Mengine ni mafupi. Timu ilifutwa, na wanaonidai matokeo wajue ingefutwa hata kama ningerudi kumalizia, kwa sababu sheria inataka kijiti kibebwe mkononi mwanzo hadi mwisho, haisemi lolote kuhusu meno. Wauguzi walishinda. Yule mrefu ndiye aliyenikorogea maji ya chumvi na sukari, akaniuliza nimekula nini. Nilipomweleza ilibidi mwenzake aje aendelee, yeye hakuweza. Nimelipa kijiti cha shule. Mama watoto amehamisha baikabonati, hataki kunionyesha iliko, na maharagwe ya nyumbani siku hizi yanachemka kwa muda wa saa nne.

Mnaouliza kama ilifanya kazi: saa inasema hakuna siku nimewahi kukimbia mita 250 kwa kasi ile. Hilo limeandikwa, halifutiki.

Jumamosi nilirudi Dunga, nimevuta kofia mpaka machoni. Hakuna aliyesema neno, na hapo ndipo nilipoogopa. Jakom akatoa kitu mfukoni mwa jaketi. Kijiti kipya, amekichonga mwenyewe kwa tawi la mpera, amekilainisha vizuri kwa msasa, na mwisho wake ametoboa tundu akapitisha kamba ya kunifunga mkononi.

Nimekipima. Sentimita 29. Sheria inaruhusu 28 hadi 30.