Striatamu: inausukuma mwili au inaufundisha?

Ndani kabisa ya ubongo, chini ya gamba lake, kuna striatamu. Hupokea ishara kutoka karibu gamba lote, na dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli, kutoka substansha nigra, eneo dogo katika shina la ubongo. Wataalamu wanabishana: je, dopamini hiyo inausukuma mwili sasa hivi, au inaufundisha kwa ajili ya baadaye?

Wanaotetea mwendo wana ushahidi wa macho. Mwaka 1957 mtafiti Mswidi Arvid Carlsson aliwapa sungura reserpini, dawa inayomaliza dopamini ubongoni, hadi wakashindwa kusogea. Alipowadunga dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliinuka. Mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaoua seli za dopamini, aliyekakamaa naye hulegea dakika chache baada ya sindano ya apomofini, dawa inayoiga dopamini, na hakuna somo linaloingia upesi hivyo. Huelezwa kwamba seli za striatamu zenye vipokezi vya dopamini vya aina ya D1 huruhusu tendo na zenye vya aina ya D2 hulizuia. Kwa daktari mchoro huo unatosha. Kwa nadharia hautoshi: vipimo vya mwaka 2013 kwa panya vilikuta aina zote mbili zikiamka pamoja tendo linapoanza.

Wanaotetea kujifunza humtaja mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz. Tumbili akipewa juisi asiyoitarajia, seli zake za dopamini hufyatuka kwa wingi. Akishajua kwamba taa hutangulia juisi, mfyatuko huhamia kwenye taa. Na juisi isipokuja, seli hunyamaza wakati uleule ilipotarajiwa. Tofauti hiyo kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea ndiyo hukaza au kulegeza miunganisho ya seli iliyotumika punde.

Kwangu, ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye levodopa, yaani dopa inayotumika kama dawa ya Parkinson, na hautajwi vya kutosha. Dawa hii hutoka kwenye damu baada ya saa chache, lakini sehemu ya nafuu yake hujijenga kwa siku hata wiki, na ikiachwa hufifia polepole vilevile. Kemia ya dozi moja haielezi hilo. Mabadiliko ya miunganisho yanaweza kulieleza. Kwa hiyo naegemea kwenye kujifunza, bila kukana sindano ile ya apomofini.

Majaribio mengi hukosea hapa: mtu hufundishwa na kupimwa akiwa katika hali moja ya dawa, kisha akifanya vibaya haijulikani kama hakujifunza au alishindwa tu kutenda. Afundishwe bila dawa, apimwe akiwa nayo, kisha kinyume chake.