Kidonge kimoja, kinga mbili: swali si uvivu wa mabinti

Wanaokitilia shaka kidonge kinachounganisha PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe, na dawa ya kuzuia mimba, wakisema mabinti ni wavivu wa kumeza, wana hoja nzito. Katika utafiti wa VOICE, uliofanyika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, wanawake wengi walisema wanameza dawa, lakini vipimo vya damu viliikuta katika asilimia 29 hivi tu ya sampuli. Wapeni sindano, wanasema. Na kweli, matokeo ya utafiti ya mwaka 2024 yalionyesha kuwa kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa lenacapavir, sindano ya kila miezi sita, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU.

Sindano hiyo ni neema. Ila haizuii mimba, na mimba ndiyo inayomtoa binti nyumbani kwenda kliniki.

Namba isiyonitoka kichwani ni 397. Utafiti wa ECHO, uliotolewa mwaka 2019, ulifuatilia wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia waliotaka uzazi wa mpango. Walipewa ushauri na kondomu. Hata hivyo 397 waliambukizwa, karibu wanne katika kila mia kwa mwaka. Hawa hawakuwa wamejificha. Walikuwa mbele ya muuguzi, wamekunjua mikono wapimwe, wakarudi tena na tena. Tuliwakinga na walichokiomba, virusi vikapitia mlango wa pili.

Kisha kuna kopo. Kopo la PrEP hufanana na la ARV, na vidonge vyake hulia ndani ya mkoba. Mwenzi akilikuta, maelezo yanaanzia wapi? Kidonge cha kinga mbili huja katika pakiti kama ya majira, vidonge vya kuzuia mimba, na pakiti hiyo ina maelezo yake tayari. Kwa binti anayeishi na wazazi, naam, pakiti hiyo nayo ni kesi, na huyo sindano itamfaa zaidi. Lakini Johannesburg na Harare, wanawake wengi waliojaribu njia zote mbili kwa zamu walikipendelea kidonge kimoja kuliko viwili.

Kupenda si kumeza, nakubali. Na hapa pana hatari isiyosemwa vya kutosha: katika pakiti nyingi za majira, vidonge saba vya mwisho havina dawa ya kuzuia mimba, na wengi wamezoea kuviacha. Katika pakiti hii mpya, saba hivyo vina PrEP. Binti aliyemeza majira miaka mitano atavitupa kwa mazoea, asijue ameacha kinga. Muuguzi avioneshe kwa kidole, kimoja kimoja, kabla hajamkabidhi pakiti.