Binafsi na bakuli la ming'oko: maswali ya ofisini kwetu Kusini

Mwaka jana mwezi wa kumi, msimu wa korosho umeshachanganya, tulikuwa tumekaa nyuma ya ofisi chini ya mwembe tunakula ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, saa nne ya chai, na hapo alikuwepo dada mmoja mgeni kahamia Mtwara kutokea Dodoma, hana hata wiki mbili. Kabla hajamaliza kumenya mng'oko wa kwanza ameshatupiwa maswali: umeolewa? mume kabaki huko huko? watoto wangapi? mmoja tu, mbona mmoja? na umepanga mtaa gani, Shangani au Chikongola, wanakuchaji ngapi? Yule dada akafuta mikono, akasema kwa upole kabisa, "samahanini jamani, mambo yangu binafsi naomba yabaki binafsi."

Kimya kikapita. Tangu siku hiyo hana jina lingine, anaitwa Binafsi. "Binafsi kafika?" "Hii barua ya Binafsi." Mpaka mlinzi anamwita hivo na sidhani kama anajua ilianzia wapi.

Nilicheka na wenzangu, nakubali. Ila nilivyorudi nyumbani likanikaa kichwani, kwa sababu mimi kazi yangu ni masijala, mafaili yote ya watu yanapita mkononi kwangu. Najua nani kazaliwa mwaka gani, nani aliomba likizo bila malipo na kwa nini, nani kwenye fomu ya bima kaongeza mtegemezi mwenye miaka tisa ambaye hakuwahi kutajwa popote. Kama kuna mtu wa kuwa redio mbao pale ofisini basi ni mimi, na mimi ndo sisemi, afu wasio na faili hata moja ndo wanajua kila kitu. Kwa hiyo nimeliwaza sana hili suala na sijaona kama ni jepesi hivo linavyoongelewa.

Ushauri unaozunguka mitandaoni unajulikana: weka mipaka, kazini umefuata mshahara hukufuata ndugu, mtu akikuuliza la ndani muulize na yeye "unauliza ili iweje?" Unapendeza kuusoma. Labda unafaa ukiwa Dar kwenye jengo la maghorofa, ukitoka saa kumi na moja umepotelea kwenye daladala hakuna anayekujua. Mtwara unatoka ofisini unamkuta bosi wako sokoni anachagua samaki, mhasibu ndo jirani yako, mtoto wa afisa utumishi anasoma darasa moja na wa kwako, na dereva ukichimba kidogo ni binamu yake shemeji yako. Huyo mtu unamwekea mpaka wapi, kwenye uzio?

Na kuna msiba. Sisi ofisini tuna mfuko wa kufa na kuzikana kama ofisi nyingi tu, unakatwa kila mwezi, na kanuni zake zinataka kujua baba yako yupo, mama yupo, mume au mke ni nani, watoto wangapi, maana hao ndo wakipatwa na jambo mfuko unafunguka. Binafsi hakujaza ile karatasi. Mwezi wa pili mwaka huu akafiwa na mama yake. Asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa anajua kwao ni Dodoma ipi, mjini au Kondoa au Mpwapwa, nani wa kumpigia simu, yeye mwenyewe analia hawezi kuongea. Aliyesimama ni mama mmoja wa uhasibu, yule yule aliyeuliza "mbona mmoja". Alizunguka na daftari vyumba vyote akakusanya pesa, akagombana na wasiotaka kutoa, akapanda naye basi la alfajiri, safari ya mchana kutwa na usiku juu, akakaa naye matanga mpaka mwisho. Watu wa "weka mipaka" hawakutuma hata elfu tano, na nawajua kwa majina.

Ila sikia sasa. Yule mama aliporudi, siku ya kwanza tu, saa nne ya chai, tukajua yote. Nyumba ya kwao ikoje, choo kiko wapi, na kubwa zaidi: kumbe mume hayupo, waliachana zamani, na huyo mtoto mmoja analelewa na dada yake. Alisimulia kwa huruma kabisa, machozi yanamlengalenga, sio kwa ubaya. Huyo huyo aliyembeba mwenzie ndo kamwaga siri zake kwenye bakuli la ming'oko. Mimi nilimwangalia nikasema hapa ndo shida yote ilipo, kwa sababu yule sio mbea wa kukaa anatafuta ya watu, ni mtu mwema kuliko sisi wengi, ila mdomo wake hauna mlango.

Wanaotetea haya maswali wana hoja na sio ndogo. Salamu yetu yenyewe ni maswali ya ndani. Umzima? Nyumbani? Watoto hawajambo? Shemeji hajambo? Mgeni wa mila zetu anaweza kudhani anahojiwa na polisi. Kuna mtafiti wa Uingereza, Robin Dunbar, miaka ya 1990 yeye na wenzake walikuwa wanasikiliza maongezi ya watu kwenye sehemu za kupumzikia, wakakuta karibu theluthi mbili ya muda watu wanaongelea watu, nani yuko na nani, nani kafanya nini, na kusengenya kwenyewe kulikuwa sehemu ndogo tu. Yeye anasema kuongea habari za wenzetu kwa binadamu ni kama nyani wanavyochambuana manyoya, ndo namna ya kushikamana. Bibi yangu Lindi hakuhitaji utafiti, alikuwa anasema tu nyumba isiyoulizwa habari ina ugomvi.

Afu kuna umbea unaookoa. Pale kwetu wanakuja mabinti wa chuo kufanya fildi, miaka ishirini, ishirini na moja, na kila mwaka lazima kuna mama atamvuta mmoja pembeni amwambie kwa mzee fulani usiingie peke yako na ukiingia acha mlango wazi. Ushahidi hakuna. Barua haijaandikwa. Rushwa ya ngono ni kosa kwenye sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007, ila binti wa fildi wa miezi miwili ataanzia wapi, anataka logibuku yake isainiwe. Umbea ndo ulinzi pekee alionao siku hiyo. Najua pia kwamba mwanaume akisingiziwa kwa njia hiyo hana pa kujitetea maana hakuna aliyemwambia usoni, na hilo ni baya kweli, ila ukinilazimisha nichague namchagua binti.

Hata maswali ya pesa. Huku wafanyakazi wengi tuna mashamba, mwalimu ana mikorosho yake Tandahimba, nesi ana ekari zake Newala. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza 2007 korosho zinapita chama cha msingi, zinaenda ghalani, zinapigwa mnada, bei inatangazwa watu wote wanaisikia. Kwa hiyo mtu akikuuliza "msimu huu umepeleka kilo ngapi" hapo anachotaka ni kuzidisha tu, kashakuhesabia salio la benki, na wiki ijayo anakuja kukopa. Inakera. Lakini kumbukeni 2018, serikali iliponunua kwa 3,300 kwa kilo na malipo yakaenda kwa uhakiki, wengine wanapata wengine wanasubiri miezi. Kipindi kile "wewe umelipwa?" ndo swali lililotusaidia kujua kama umekwama peke yako au mmekwama kijiji kizima. Posho za safari nazo vivo hivo, mkificha wote anayefaidi ni anayezigawa.

Haya, upande wa pili sasa, na hapa naongea kwa uchungu kidogo. Mimi nimekaa kwenye ndoa miaka saba ndo nikapata mtoto. Miaka saba ya "vipi, bado?", "unatuangusha", "nenda Masasi kuna mzee anatoa dawa", "au shemeji ndo mwenye tatizo?" na kicheko juu. Mtu mzima pale kazini haitwi jina lake, anaitwa Mama Nani, Baba Nani, ni heshima yetu na naipenda, lakini hujawahi kuwaza kwamba kila anayeitwa kwa jina lake la shule kwenye chumba chenye kina Mama Salma na Mama Juma, anakumbushwa mara ishirini kwa siku kitu alicholilia usiku? Hakuna aliyekusudia. Mimi niliwahi kupoteza mimba ya miezi mitatu, siku ya tatu nikarudi kazini nikaulizwa "mbona umepungua, au kuna kitu?" Nikajibu malaria.

Watu wananiambia hiyo ndo mila, sisi watu wa Kusini tunaulizana. Hapana. Hapo nabisha, maana mila ya Kusini naijua, nimechezwa unyago kama wengine. Mambo ya ndani tulikuwa na mwenye kuyauliza, kungwi wako, somo yako, bibi, shangazi, anakuuliza mpaka yasiyoandikika, na ukimjibu yanabaki pale pale. Ukitoka nje unafundishwa kufunga mdomo. Mtani naye ana ruhusa yake, anaweza kuzuia jeneza njiani mpaka mumpe hela na hakuna wa kukasirika, kwa sababu kila mtu anajua yule ni mtani. Mtu wa manunuzi tuliyekutana kwenye usaili mwaka juzi sio kungwi wangu wala sio mtani wangu. Kachukua ruhusa ya kungwi akaacha kiapo chake. Na dini nayo, wengi wetu hapa tunasali Ijumaa, tunaijua aya ya kwenye Suratul Hujurat inayokataza kupelelezana na kusengenyana, inafananisha na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa, afu tukitoka msikitini tunaendelea kutafuna.

Sasa mimi nilipofikia ni hivi, na anayebisha abishe. Swali lenyewe sihangaiki nalo sana. Ninachoangalia ni jibu likitoka hapo linaenda wapi, na anayeuliza ana nini mkononi. Mama wa uhasibu akiniuliza nazaa lini, ataenda kusema, itaniuma, itapita. Anayepanga safari, mafunzo na vyeo akiniuliza swali hilo hilo kwa kutabasamu, hilo ni jambo lingine kabisa, jibu langu linaweza kunikosesha nafasi na nisijue. Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 kifungu cha 7 haikatazi watu kuulizana chini ya mwembe, inachokataza ni kubagua mtu kwa ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU na mengine, na unyanyasaji nao inauhesabu humo humo kama ubaguzi. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ndo inatugusa sisi wa masijala na watu wa utumishi. Yani mbea wa mwembeni ana dhambi yake, ila anayetoa habari kwenye faili ana kesi. Sisi tunahangaika na wa kwanza kwa sababu ana kelele.

Kujibu nako, sioni sababu ya kwenda kukopa maneno ya mbali wakati salamu imeshatufundisha. Ukiulizwa "watoto hawajambo?" unajibu "hawajambo", hata kama mmoja ana homa, hata kama huna. Hakuna anayekuita mwongo, maana lile sio swali la kutaka ukweli, ni mlango unafunguliwa na kufungwa. "Lini tunakula ubwabwa?" Mungu akijaalia. "Mbona mmoja?" Tuombeane. "Kilo ngapi?" Za kula tu ndugu yangu. Umemjibu, hujamvunjia heshima, hujampa kitu. Akirudia mara ya pili hapo ndo unamwangalia machoni ukanyamaza, na kunyamaza kwetu watu wanakuelewa. Kosa la Binafsi, kama ni kosa, ni kwamba alisema mbele za watu kile ambacho sisi wote tunakifanya kimya kimya. Alifunga mlango kwa kishindo. Ila na sisi kumpa jina la kumcheka mtu aliyeomba kwa adabu, akitanguliza na samahani, sijui tunalitetea vipi.

Karatasi ya mfuko wa kufa na kuzikana ameshaijaza. Aliniletea mwenyewe mkononi, imekunjwa mara nne, hakutaka ipite kwa mtu mwingine. Tuliongea kidogo, nikamwita kwa jina lake, akashtuka.

Juzi mama wa uhasibu kaja dirishani kwangu, kaegemea, ananong'ona: "Dada, hebu niangalizie yule Binafsi, pale kwenye mume kaandika nani?" Nikamwambia faili liko kwa bosi. Akatazama mezani kwangu, lilikuwa pale juu kabisa, jina linasomeka. Akacheka. Nikacheka na mimi. Akasema basi nitakuja kesho, nikamjibu kesho pia litakuwa kwa bosi, akaondoka huku ananiita mchawi.