Aliyekosa aombe mara tatu: msamaha wa Kiyahudi unapoingia nyumbani

Mkesha wa Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, Wayahudi wengi huombana radhi kabla ya kuanza mfungo wa takriban saa 25. Msingi wake umo katika Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilika karibu mwaka 200. Humo imeandikwa kwamba siku hiyo hufuta makosa ya mtu kwa Mungu, lakini makosa ya mtu kwa mwenzake hayafutwi mpaka amridhishe mwenzake. Mume aliyemdhalilisha mkewe mwaka mzima hawezi kufunga na kulia sinagogi, halafu akarudi nyumbani akijihesabu msafi. Mwislamu ataona hapa jambo analolijua kwa jina la haki za waja. Mkristo atakumbuka saba mara sabini, ingawa pale anayepewa agizo ni aliyekosewa, na hapa anayetumwa kwanza ni mkosaji.

Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria aliyezaliwa Cordoba na kufariki Misri mwaka 1204, aliipanga kanuni hii hatua kwa hatua. Ulichochukua, rudisha. Ukisharudisha bado unadaiwa: mwendee uliyemkosea umtulize na kumwomba msamaha. Akikataa, rudi na watu watatu miongoni mwa rafiki zake, mara ya pili na ya tatu. Akishikilia kukataa, achana naye, kwa kuwa sasa mwenye dhambi ni yeye. Kama ni mwalimu wako, utarudi hata mara elfu. Kama ameshafariki, utakwenda na watu kumi kaburini kwake, ukiri mbele yao.

Naupenda utaratibu huu kwa sababu unamaliza swali linaloua undugu: nani aanze? Nyumba ngapi zina ndugu wasiosemezana tangu siku ya kugawana shamba la marehemu baba, kila mmoja akingoja mwenzake abishe hodi? Tena bin Maimun hamruhusu hata aliyekosewa kununa kimyakimya. Anamtaka amwendee mkosaji na kumuuliza, “Kwa nini umenitenda hivi?” Anajengea hilo juu ya Mambo ya Walawi 19, panapokatazwa kumchukia ndugu moyoni. Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mijadala ya marabi (walimu wa sheria ya Kiyahudi) juu ya Mishna, inamsimulia Rabi Zeira, ambaye alipokosewa na mtu alikuwa akipitapita mbele yake makusudi, apate nafasi ya kuja kuomba radhi. Hakudai chochote, ila alimrahisishia njia. Mzazi mwenye kijana aliyekosa na kujifungia chumbani anaweza kuanzia hapo kesho asubuhi.

Ugumu uko katika ile hatua ya mwisho, ya kumgeuza anayekataa kuwa mwenye dhambi. Mtie mwanamke anayepigwa mahali pa huyo mkataaji. Mume ameomba leo, ameomba wiki ijayo, na mara ya tatu amekuja na wazee watatu waliokaa sebuleni wakimtazama mama huyo. Kila mmoja ana neno lake juu ya watoto na heshima ya nyumba. Sheria iliyokusudiwa kumnyenyekeza mkosaji imekuwa fimbo mikononi mwake. Anayesema kwamba mapokeo haya yanaweza kumkandamiza aliyeumizwa hasemi uongo, na kumjibu kwa kusifu uzuri wa upatanisho ni kumkimbia.

Marabi wenyewe hawakuwa na hakika kamili. Mose Isserles wa Kraków, katika karne ya 16, aliandika kwamba aliyechafuliwa jina kwa uzushi halazimiki kusamehe. Na Talmudi ina kisa cha Rav, mwanachuoni mkubwa wa Babeli, aliyekosewa na mchinjaji. Mkesha wa Yom Kippur ulifika, mchinjaji hakuja, Rav akaamua kumfuata yeye. Rav Huna, mwanafunzi wake, alipokutana naye njiani na kujua aendako, alisema, “Abba anakwenda kuua mtu,” akimtaja Rav kwa jina lake. Mchinjaji alikuwa akipasua kichwa cha mnyama. Alimfukuza Rav, akaendelea kupasua, mfupa ukaruka, ukampiga kooni, akafa. Mimi nakisoma kama onyo: hata mwema anayeharakisha upatanisho kabla mwenzake hajawa tayari anaweza kuleta madhara. Wengine huona kiburi cha mchinjaji tu, nao wana hoja.

Kwangu jibu liko kwa bin Maimun huyohuyo, kurasa chache tu kabla ya sheria ya mara tatu. Anayekiri kwa mdomo bila kuazimia kuacha, anasema, ni kama mtu anayeingia maji ya kujitakasa huku ameshika najisi mkononi. Na toba kamili huonekana pale mtu anapopata tena nafasi ya kutenda kosa lilelile, uwezo anao, na asilitende. Ukizisoma sheria hizo pamoja, ziara tatu za mtu ambaye bado anapiga si ziara. Ni maneno.

Nasema hivi nikijua kwamba vitabu haviliweki wazi namna hiyo, na kwamba wako wazee wa dini waliohesabu ziara bila kutazama mikono. Bin Maimun mwenyewe, alipotaka mfano wa ubaya wa kunyamaza, alimtaja Absalomu, ambaye katika 2 Samweli 13 hakusema na Amnoni neno jema wala baya, na baada ya miaka miwili akaagiza auawe. Mfano una nguvu, lakini kosa lenyewe lilikuwa nini? Amnoni alimnajisi Tamari, dada yake Absalomu. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze. Mfalme Daudi, baba yao, alikasirika sana, na hatusomi kwamba alifanya lolote. Amnoni hakumwomba Tamari msamaha hata mara moja. Aliagiza atolewe nje na mlango ufungwe nyuma yake. Kwa hiyo mama anayeniuliza kama anakosa kwa Mungu kwa kumkatalia mume ambaye ngumi zake hazijakoma, namjibu kwamba kwa mujibu wa mapokeo haya, hesabu ya mara tatu haijaanza.