Taarifa Kidogo za GB 16

Hivi jamani, nani aliiruhusu kompyuta iandike wosia wake kwenye diski niliyoinunua mimi? Diski kwenye boksi inasomeka GB 128, ukiifungua unakuta 119, tukanyamaza. Windows imejichukulia chake, video za kikundi cha familia zimejichukulia chake, kile kimstari cha C kimegeuka chekundu. Watu tunafuta wimbo mmoja mmoja kwa uchungu, kumbe ndani ya C:\Windows kuna dubwana linaitwa MEMORY.DMP limejinyoosha, halijafunguliwa na mtu tangu lizaliwe!

Linazaliwa siku ya skrini ya bluu, ile inayotokea Windows ikianguka ghafla. (Mwaka 2025 Microsoft wakabadilisha rangi, Windows 11 ikaanza kufia kwenye nyeusi. Msiba ni ule ule.) Inakuomba radhi, inakwambia inakusanya taarifa kidogo tu kisha itajiwasha. Asilimia zinapanda, 20, 45, 70, nawe umekaa mkao wa kumwombea mgonjwa, unadhani inajitibu. Wapi! Inachota yaliyokuwemo dakika ile kwenye RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), inayamwaga ndani ya pagefile.sys, faili ambalo Windows hulitumia kuisaidia RAM, na ikishawaka inayahamishia kwenye MEMORY.DMP. Kama imewekwa Complete memory dump, yaani imwage RAM yote, na RAM ni GB 16, hiyo "kidogo" inapita GB 16. Hata ile ya kawaida, Automatic, inayobeba kumbukumbu ya kiini cha Windows peke yake, inaweza kufika GB moja na ushee.

Na msomaji wake ni nani? Mtu mwenye WinDbg, programu ya Microsoft ya kusoma mafaili haya, na subira. Mafundi wetu wengi ukiwatajia skrini ya bluu jibu ni moja: "Tupige Windows," yaani waifute na kuiweka upya. Sasa GB zote hizo tunamtunzia nani? Ukimpata fundi anayesoma kweli, mnakilie kwanza. Usipompata, na kompyuta imetulia, futa bila huruma. Hakuna programu inayolitegemea faili hilo ili iwake.

Hapo kwenye kufuta nako kuna vituko. Unaandika Disk Cleanup pale kwenye Start, unachagua C, inakuletea orodha: vijipicha, takataka za intaneti, MB 38. Thelathini na nane! Dubwana halimo. Halimo kwa sababu hujabonyeza Clean up system files, kitufe kimejibanza pale chini. Kibonyeze, isubiri ihesabu upya, ndipo inaleta System error memory dump files. Weka tiki. Weka na kwenye mstari wa Windows Error Reporting, zile ni ripoti za programu zilizokrashi. Ila usiweke tiki kila mahali kama unasahihisha mtihani! Ukipitia Settings, System, Storage, Temporary files, mle ndani wamepanga na Downloads, eti nayo ni ya muda. Vyeti vyako, risiti za kodi, fomu ya shule ya mtoto, vyote "vya muda". Iache.

Mengine Disk Cleanup inaweza kuyapita kama haijayaona. Bonyeza Windows na R, andika %LOCALAPPDATA%\CrashDumps, uone kama kuna programu zilizoacha maiti zao humo. Chungulia na C:\Windows\LiveKernelReports. Hizo zinaandikwa kompyuta ikiwa inaendelea na kazi, mara nyingi kadi ya picha ikipigwa butwaa, na faili moja huweza kuwa na GB kadhaa. Futa za .dmp tu, kwa ruhusa ya msimamizi. Tena tumia Shift na Delete, maana ukifuta kawaida zinahamia Recycle Bin, ambayo iko diski ile ile. Pagefile.sys, WinSxS na C:\Windows\Installer ni za Windows yenyewe, usiziguse hata zikikukera kwa ukubwa.

Halafu ziba bomba. Windows na R, SystemPropertiesAdvanced, kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings. Palipoandikwa Write debugging information chagua Small memory dump, KB 256. Inaingia C:\Windows\Minidump, na hata zikiwa nyingi ni vijidudu tu mbele ya dubwana. Kuna na kisanduku kinachozuia Windows isifute dubwana nafasi ikipungua. Kama kuna mjuaji alikitia tiki, itoe. Kwa kompyuta ya nyumbani, Windows yenyewe huwa hailitunzi nafasi ikiwa chini ya GB 25, labda lile lililozaliwa nafasi ikiwa bado tele.

Ila usichague none kwa hasira. Skrini ya bluu ikirudi, huenda shida ni draiva (programu inayoendesha kifaa), RAM au diski inayokata roho, na vile vi-KB 256 mara nyingi vinataja draiva iliyohusika. Bila hivyo, ni "tupige Windows" tena, na hela ni yako.