Kucheza peke yako gemu ya watu wawili

Februari 2016, kampuni ya Capcom walipotoa gemu ya kupigana ya Street Fighter V, aliyeinunua bila intaneti ya kutegemea alikuta vitu vichache ndani. Kulikuwa na chumba cha mazoezi. Kulikuwa na vihadithi vya kila mhusika, picha zilizotulia na mapambano mepesi ambayo hata anayesinzia angeshinda. Kulikuwa na Survival, ya kupambana na wapinzani mfululizo mpaka mmoja akuangushe. Lakini ile ngazi tuliyoizoea tangu Street Fighter II ya 1991, ya kuchagua mtu wako na kupanda dhidi ya kompyuta hadi kwa bosi, haikuwemo. Hata pambano moja tu na kompyuta, la kupitisha wakati, halikuwemo. Ngazi ilirudi Januari 2018 na toleo la Arcade Edition, karibu miaka miwili baadaye.

Capcom walipanga kuuza nakala milioni 2 kufikia mwisho wa Machi mwaka huo wa 2016. Ziliuzwa milioni 1.4. Mabishano yaliyozuka hapo hayajaisha hadi leo. Kuna wanaosema gemu ya kupigana ni ya watu wawili, na kila shilingi inayokwenda kwenye hadithi na filamu imepunguzwa kwenye mapambano yenyewe. Na kuna wanaosema: nimelipa bei ile ile anayolipa mtu wa gemu nyingine yoyote, mbona nipewe nusu? Mimi niko na hawa wa pili, ingawa si kwa sababu wanazozitoa wao. Na hawa wa kwanza wana hoja ambazo aghalabu hupuuzwa, kwa hivyo nianze nazo.

Ya kwanza ni kwamba kompyuta haina hofu. Mtu aliyebakiwa na uhai kidogo hubadilika: hurudi nyuma, hujiziba, hutupa pigo la kubahatisha. Ukimjua, unamngoja hapo hapo. Kompyuta haikasiriki, wala haikumbuki kwamba jana uliikamata kwa mtupo ule ule. Huku Lamu anayetetea hoja hii atakuambia hakuna aliyejifunza kirumbizi, mchezo wetu wa kupigana kwa bakora, kwa kuupiga mnazi, na hapo amekumaliza.

Ya pili ni ya kiufundi. Gemu hizi huenda kwa picha 60 kila sekunde, yaani picha moja ni kama milisekunde 16.7. Binadamu huhitaji picha kumi na kitu kuona jambo na kulijibu kwa kidole. Kompyuta inakijua kitufe chako papo hapo ulipokibonyeza. Waliocheza Mortal Kombat II, gemu nyingine ya kupigana ya 1993, wanakumbuka: hujamaliza kuruka, teke limeshakupata hewani. Halafu siku moja unagundua ujanja mmoja ambao inauangukia kila mara, unaurudia mpaka mwisho wa gemu. Umemshinda bosi kwa kitu ambacho mtoto wa mtaani atakizuia mara ya pili tu.

Street Fighter 6 ya Juni 2023 ilijaribu kutibu haya kwa sehemu ya peke yako iitwayo World Tour, ambamo unaumba mtu wako, unamzungusha mitaa ya Metro City, na kujifunza mapigo kwa wahusika wa gemu, Luke, Chun-Li na wengineo. Nitarudi kwake, maana ina jambo zuri. Kasoro yake ni kwamba ina viwango vya nguvu. Ukipigwa na mtu wa kiwango cha juu, unakwenda kuwachapa wadogo, unakula chakula, unarudi ukiwa mgumu zaidi. Umeshinda kwa kuongezewa mwili, si kwa kujua zaidi. Ukija kupigana na mwenzako pambano la kawaida, nguvu hizo huji nazo.

Hoja nzito kuliko zote inatoka Lahore. Mwaka 2019 Arslan Siddique, ajulikanaye kama Arslan Ash, alitoka Pakistan, nchi ambayo wakubwa wa Tekken, gemu nyingine ya kupigana, hawakuwa wakiihesabu, akashinda Evo Japan, mashindano makubwa ya gemu hizi, mwezi wa Februari. Agosti akashinda Evo ya Las Vegas kwa kumfunga Mkorea Knee fainali. Kisha akasema kwao wako wengine wakali vile vile. Hakulelewa na hadithi za kwenye skrini. Alilelewa na vyumba vya gemu vya kwao, ambako walimu ni wapinzani walioketi karibu yako.

Vyumba vya namna hiyo tunavyo. Kimoja kiko mtaa wa Langoni hapa Lamu, kichochoroni nyuma ya Usita wa Mui: televisheni mbili, PlayStation mbili, benchi, feni moja inayoegemea kwa mwenye chumba. Unalipa kwa mechi. Televisheni moja haitoki kwenye mpira, ya pili ndiyo inayogombaniwa na watu wa Tekken na wa Mortal Kombat. Mwezi wa Ramadhani, watu wakitoka tarawehe, hapana pa kuweka mguu. Ukiingia saa hiyo utaamini kabisa kwamba sehemu ya kucheza peke yako ni takataka. Nani aitake, na watu wote hawa?

Lakini tazama nani anacheza. Sheria ya benchi ni kwamba aliyefungwa anapisha. Pambano la Tekken ni dakika mbili tatu. Anayejua hukaa na kontrola saa nzima. Asiyejua hulipa, hupigwa, na kurudi kwenye foleni kungoja nusu saa nyingine. Yaani benchi humpa mazoezi zaidi yule ambaye ameshaiva, na aliye mbichi hubaki mtazamaji. Wanaomtaja Arslan hawatuhesabii ni wangapi katika vyumba kama vile walishindwa mara chache, wakaona hela zinakwenda bure, wakahamia kwenye mpira. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mpinzani wa kweli ni mwalimu bora, sikatai, ila hana subira na mwalimu huyu hulipwa kila somo.

Asubuhi chumba kile kile ni kingine. Kijana anayekifungua huwa peke yake mpaka kama saa tano, wenzake wako shule au wako forodhani. Anafagia, anawasha televisheni ya pili, anamchagua Jin wa Tekken, anapanda ngazi ya kompyuta. Akimpata mpinzani mzito asiyekimbia, anaacha haraka ya kushinda. Anamwinua hewani kwa pigo la kwanza, la pili linaingia, la tatu linaingia, la nne linapita chini ya miguu. Anarudi nyuma hatua mbili, anamngoja asimame, anaanza tena. Kompyuta inamvumilia. Mtu wa benchi angekuwa keshamlaza na kumcheka juu. Usiku, mbele za watu, kombo ile ile, yaani mfululizo wa mapigo, humkatika mkononi mara nyingi, kwa sababu mtu hasimami pale anapotakiwa. Ila inapomtokea, inatokea nzima, na hilo hakulipata kwenye foleni.

Utasema hiyo ni kazi ya chumba cha mazoezi. Si kweli, au si kweli kwa anayeanza. Chumba cha mazoezi kinakupa sanamu iliyosimama na kukungoja ujue unachotaka kufanyia kazi. Anayeanza hajui. Ngazi humletea mmoja anayerusha moto kutoka mbali, kisha mwingine anayekumbatia na kutupa, kisha mwingine anayepiga miguuni, na kila mmoja anamlazimisha kutafuta jibu.

Tekken 3 ilipotoka kwenye PlayStation mwaka 1998 ilifanya jambo hili kwa ujanja ambao sijauona tena ukifanywa vizuri vile. Ukimaliza ngazi na mhusika mmoja, unapata filamu fupi ya mwisho wake, na wahusika waliofichwa wanafunguka mmoja mmoja. Ukitaka kuwaona wote, ni lazima ucheze na watu ambao usingewachagua kamwe. Wengi wa umri wangu tulijua King anakamata vipi na Yoshimitsu ana vituko gani kwa sababu hiyo tu, hakuna aliyekaa kusoma. (Eddy hatuna haja ya kumtaja. Kila mtaa wa pwani ulikuwa na mtu aliyejiona bingwa kwa kumponda Eddy vitufe vyote kwa pamoja.) Na wote hao, kuanzia wa kwanza hadi bosi Ogre, walikuwa ndani ya sidii moja, hapahitajiki mtandao.

Neno hilo la mtandao ndilo linaloyafanya mabishano haya yawe na uzito mwingine huku kwetu. Wanaosema "nenda mtandaoni ukapigane na watu" hudhani mtandaoni ni mahali pamoja kwa kila mtu. Mwanga ndani ya kebo ya chini ya bahari huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme mpinzani yuko Ulaya, na njia ya kebo kutoka Mombasa hadi kwake ni kilomita 10,000. Kwenda milisekunde 50, kurudi 50. Hizo ni picha 6, kabla ya kuhesabu mnara wa simu, ruta na bando inayokaribia kwisha. Jebu, yaani ngumi fupi ya haraka, katika Street Fighter huchukua picha 4 tu kufika. Teknolojia ya kisasa, ile inayokisia utakachobonyeza kisha kurekebisha ikikosea, imesaidia sana, na asiyekubali hilo hajacheza gemu za zamani mtandaoni. Hata hivyo haiwezi kuifupisha bahari. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki nzima ilijikokota, na siku kama hizo gemu isiyo na sehemu ya peke yako ni picha ya menyu tu.

Kwa hivyo kuna kosa ambalo kwangu ni kubwa kuliko la Street Fighter V, nalo ni kutengeneza sehemu ya peke yako kisha kuifunga kwa mtandao. Mortal Kombat 11 ya 2019 ilikuwa na hadithi ndefu, lakini minara yake ya Towers of Time na Krypt, kisiwa kile cha masanduku ya zawadi, vilidai uwe umeunganishwa. Unapigana na kompyuta iliyo ndani ya mashine yako mwenyewe, na bado uombe ruhusa kwenye seva ya ng'ambo. Hakuna mashabiki wa ushindani wala wa hadithi wanaofaidika na hilo.

Na hizi hadithi zenyewe? Hapa naungana na kambi ya kwanza. NetherRealm, watengenezaji wa Mortal Kombat, ndio waliozipandisha chati kwa toleo la 2011: filamu ya saa kadhaa iliyokatwakatwa na mapambano. Zinatazamika vizuri, sisemi. Lakini kama chombo cha kufundishia ni dhaifu. Unapewa Johnny Cage mapambano machache, mkono ukianza kumzoea unahamishiwa mwingine. Ukimaliza hurudii. Gemu ya kupigana ya Guilty Gear Strive ya 2021 iliamua hadithi yake iwe filamu tupu, hakuna pambano hata moja ndani, na naona huo ni uungwana zaidi. Katika chumba cha kulipia kwa mechi filamu ni hasara kabisa: nani atoe pesa aketi kutazama watu wakizungumza?

Watetezi wa hadithi hutaja kwamba Mortal Kombat 11 imevuka nakala milioni 15. Ni kweli, lakini ina jina la tangu 1992, ina damu, ina sinema. Huwezi kuchomoa kitu kimoja ukasema ndicho kilichouza. Vivyo hivyo ile milioni 1.4 ya Street Fighter V: siku za mwanzo seva zake zilisumbua, na kwenye mashine za Xbox haikuwepo. Kukosa ngazi kuliiumiza, naamini hivyo, ila takwimu peke yake haithibitishi.

Jambo zuri la World Tour nililoahidi ni kibarua kimoja kinachoitwa Hado Pizza. Unaajiriwa kwenye duka la piza, wateja wanaagiza, na kila oda unaitimiza kwa kuzungusha kijiti na kubonyeza kitufe kwa mpangilio ule ule unaorushia moto pambanoni. Muda unakimbia, oda zinapangana. Asiyewahi kurusha moto anatoka pale kidole kimezoea robo duara bila kuhubiriwa. Kazi ndogo kama hiyo haigharimu filamu.

Tekken 8 ya Januari 2024 ilikwenda njia nyingine: kivuli kinachojifunza namna unavyocheza, kisha unapigana nacho. Hiki kinaijibu hoja ya kompyuta isiyo na hofu, maana kivuli huiga tabia za mtu, hata zile mbaya. Ukijiona unaruka hovyo kila ukibanwa, unaona haya. (Katika chumba chenye akaunti moja na mikono ishirini, kivuli hicho huenda kikawa mchanganyiko wa Langoni nzima. Ningelipa kupigana nacho.) Kwa mchezaji wa Lamu asiyepata mpinzani wa kiwango chake kila siku, hiki kina thamani kuliko sura kumi za hadithi.

Ikiwa fedha za kutengeneza ni kidogo, na siku zote huwa kidogo, basi mimi ningekata filamu kwanza. Mfumo mzuri wa mtandaoni ungebaki, hapo watu wa ushindani wana haki yao. Kisha ningeweka ngazi ya wapinzani wanane wenye tabia tofauti, picha mbili tatu za mwisho kwa kila mhusika, na kivuli, vyote vikifanya kazi hata ruta ikizimwa. Ngazi kama hiyo humalizika kwa nusu saa, yaani muda ule ule aliyefungwa anaongoja zamu yake pale benchini. Mwenye chumba akiamua kuiuza asubuhi kwa bei nafuu, naye hapati hasara, kwa kuwa saa hizo televisheni ya pili haina mteja.