Kabla ya kuilaumu Linux, shika saa

Mwalimu wa kwaya alinikuta kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, saa kumi jioni. Alitaka nakala arobaini za DVD, na boti ya Kagunga ilikuwa inaondoka Kibirizi kesho yake mchana. Nikamwambia hilo dogo, Mwalimu, wewe kapumzike. Nakala ya kwanza ikachukua saa moja na robo.

Kijana ninayefanya naye kazi akapata alichokuwa akikisubiri miezi yote: "Kaka, si nilikwambia hii Linux yako, huu mfumo ulioweka kwenye kompyuta, itatuumbua? Turudishe Windows." Dakika 75 mara arobaini ni dakika 3,000, yaani saa 50. Na boti haingoji kwaya.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Kazi ikizorota tunakimbilia kubadilisha programu. Huyu anasema ng'oa Brasero weka K3b, zote programu za kuchoma diski, yule anasema piga mfumo upya. Hakuna anayeuliza: inazorota kiasi gani? Kwenye kuchoma diski swali hilo linajibika kwa hesabu za darasa la tano. Ile 1x, yaani kasi ya msingi, ya CD ni kilobaiti 150 kwa sekunde. Ya DVD ni kama kilobaiti 1,385, kwa hiyo DVD ya gigabaiti 4.7 ikijaa inakula dakika 57 hivi kwa 1x. Yangu ilikula 75. Yaani data ilikuwa inapita megabaiti moja hivi kwa sekunde, chini hata ya 1x, kwenye draivu ya nje, mashine ya kuchomea diski, iliyoandikwa 8x, yaani mara nane ya kasi hiyo. Mwendo huo haukuchaguliwa na programu yoyote. Kuna mahali njia ilikuwa imebanwa.

Na megabaiti moja kwa sekunde ni namba ninayoifahamu tangu enzi za flashi za kwanza. USB 1.1 mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde, na ukitoa zinazopotelea njiani unabaki na megabaiti kama moja. USB 2.0 inafika megabiti 480. Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika lsusb -t, amri inayoonyesha vifaa vya USB na kasi zake, na kwenye mstari wa draivu pakasomeka 12M. Nikaandika dmesg, inayoonyesha taarifa za mfumo: kumbe mfumo ulishaandika tangu nilipochomeka kwamba kifaa hiki hakiendi kwa kasi yake ya juu. Linux ilisema. Mwenye masikio alikuwa amekwenda kunywa chai.

Mkosaji alikuwa kidude cha enzi za USB 1.1 cha kugawa tundu moja la USB yawe manne, nilichokiokota mwenyewe kwenye boksi la nyaya kuukuu kwa sababu printa, kibodi na kipanya vilishamaliza matundu. Nikaing'oa draivu pale, nikaichomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta. Dakika tisa. Kijana akanyamaza, ingawa nilimwona anatafuta la kusema.

Alilipata kwenye diski ya kumi na moja, tulipofungua pakiti nyingine, ile ya bei poa isiyo na jina. Mwendo ukashuka hadi 4x. Safari hii kidude hakihusiki. Kila diski tupu ina msimbo wa aliyeitengeneza, draivu huusoma kwanza na kuutafuta kwenye orodha yake ya ndani. Isipoukuta, inajihami na kwenda pole. Ukitaka kujua kabla ya kuanza, andika dvd+rw-mediainfo ikifuatiwa na /dev/sr0, utaona kasi ambazo draivu imekubali kwa diski ile. Namba ya kwenye boksi ni ya dukani.

Wala usishtuke K3b ikianza na mwendo mdogo. Draivu nyingi huanzia katikati ya diski, ambako mzunguko ni mfupi, na kuongeza kasi kadiri zinavyoelekea ukingoni. Nimewahi kumwona mtu anakatisha kazi dakika ya kwanza kwa sababu hiyo, akaharibu diski nzima.

Wenye mashine za zamani zenye waya mpana wa IDE wana ugonjwa wao. Hao watazame kama DMA, njia ya data kufika kwenye kumbukumbu bila kupitia kichakataji, imezimika, maana bila DMA kichakataji kinabeba data kwa mkono na kompyuta nzima inaganda. Na kama video iko kwenye flashi, inakilini kwanza kwenye diski ya kompyuta, tena kama faili moja la ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja, kabla ya kuchoma. Bafa ya draivu, pale data inaposubiri kuchomwa, ni ndogo. Ikikauka, draivu za siku hizi haziharibu diski, zinasimama zisubiri, na huko kusimama-simama ndiko tunakokuita uzito.

Kuna wanaoapa kwamba ubora uko kwenye kuchoma kwa 1x. Mimi sikubaliani nao. Diski za leo zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na kuziburuza hakuzisaidii. Za kwaya nilizichoma kwa 8x zilipokubali, 4x zilipokataa, na nilizozijaribu kwenye deki yangu mbovu zote zilicheza.

Saa tatu asubuhi kijana alizipeleka Kibirizi kwa bodaboda. Kile kidude bado kipo mezani, kipanya na kibodi vinakitosha. Nimekibandika plasta nikaandika: USICHOMEKE DRAIVU.